Barafu Haina Mwenyewe, Mafunzo Yake Yasiwe na Wenyewe

Mwambie mwanafunzi yeyote wa shule ya upili achore mtu anayesafiri kwa miguu kuelekea Ncha ya Kusini ya dunia. Nimewapa wanafunzi wangu wa Jiografia zoezi hilo mara kadhaa, na matokeo hayabadiliki. Huchora mwanamume wa Kizungu, mwenye ndevu zilizoganda barafu na bendera ya taifa lake mkononi. Wasichana nao huchora mwanamume huyo huyo. Siwalaumu, kwani wanachora walichoonyeshwa vitabuni. Hata hivyo, picha hiyo imebeba uongo, na uongo ukiachwa ukae sana hugeuka kuwa sheria isiyoandikwa.

Katika makala haya nakusudia kuijadili sheria hiyo. Inasema kwamba nchi za barafu zina wenyewe, na kwamba sisi wengine, yaani Waafrika, wanawake, watoto wa maskini, walemavu na wote waliokulia mbali na theluji, tutosheke na kusoma habari za wenzetu. Nashikilia kwamba kinachotutenga na barafu si maumbile yetu bali ni elimu. Kusafiri katika ncha za dunia ni ufundi unaofundishwa na kusomwa kama ufundi mwingine wowote. Aliyefungiwa mlango wa chuo hawezi kuambiwa kuwa ameshindwa na mtihani.

Tuanze na historia, maana ndiyo iliyopotoshwa kwanza. Tarehe 6 Aprili 1909, watu sita walisimama mahali walipoamini kuwa ni Ncha ya Kaskazini. Kiongozi wao alikuwa Robert Peary, afisa wa jeshi la majini la Marekani. Wanne walikuwa Wainuiti, wenyeji wa Greenland, na majina yao ni Ootah, Seegloo, Egingwah na Ooqueah. Wa sita alikuwa Matthew Henson, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa katika jimbo la Maryland mwaka 1866, miezi michache tu baada ya utumwa kupigwa marufuku nchini mwake. Wataalamu wangali wanabishana iwapo kundi hilo lilifika penyewe hasa au lilikosea kwa maili kadhaa. Jambo lisilobishaniwa ni umahiri wa Henson. Alikutana na Peary mwaka 1887 akiwa mfanyakazi wa duka la kofia mjini Washington, akaajiriwa kama mtumishi, na kwa zaidi ya miaka 20 akajifunza yote yaliyohitajika. Alijifunza lugha ya Wainuiti, akajua kuunda na kutengeneza sleji, akawa stadi wa kuendesha mbwa wa kuzikokota.

Waliporejea, Peary alipandishwa cheo hadi kuwa admeri na kupewa pensheni. Henson alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya forodha mjini New York. Chama cha wavumbuzi mashuhuri cha Marekani, Explorers Club, hakikumpokea kuwa mwanachama hadi mwaka 1937, alipokuwa amevuka umri wa miaka 70. Alifariki mwaka 1955, na ilipofika mwaka 1988 ndipo mabaki yake yalipohamishiwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na kaburi la Peary. Heshima ilimjia, lakini ilimkuta kaburini. Ama kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini asiyesifiwa kamwe husahauliwa hata kama tembo lake ndilo lililonywewa na wote.

Nimemtaja Henson kwa sababu kisa chake kinathibitisha kwamba hata wale tunaowaita mabingwa wa barafu hawakuzaliwa mabingwa. Hebu tumtazame Roald Amundsen wa Norway, mtu wa kwanza kuliongoza kundi lililofika Ncha ya Kusini. Mwezi Januari 1896, akiwa kijana, Amundsen alijaribu pamoja na ndugu yake kuvuka uwanda wa Hardangervidda, nyumbani kwao Norway, katikati ya majira ya baridi. Walipotea, wakakosa chakula, na nusura wafie huko. Huyu alikuwa Mnorway, mwana wa nchi ya theluji, mwenye kujua skii tangu utotoni, na bado barafu ya kwao ilikuwa karibu imuue.

Ni nini basi kilichomgeuza akawa bingwa? Alikwenda shule. Kati ya mwaka 1903 na 1906 alisafiri kwa jahazi lake, Gjøa, katika bahari ya kaskazini mwa Kanada, akakaa vipindi viwili vya baridi kali karibu na Wainuiti wa jamii ya Netsilik. Hao ndio walimu wake. Walimfundisha kuvaa mavazi ya manyoya yaliyolegea mwilini ili jasho lisiganda, kuwatumia mbwa, na kujenga kibanda cha theluji. Tarehe 14 Desemba 1911 akafika Ncha ya Kusini na kurudi salama na wenzake wote. Mwingereza Robert Scott alifika hapo tarehe 17 Januari 1912 akiwa na wenzake wanne, na wote watano wakafa njiani wakirudi. Sababu za msiba huo ni nyingi na sitaki kuwadharau wafu. Ila wazi ni kwamba elimu ya barafu ilikuwa na wenyewe wa asili, na wenyewe hao waliigawa pasipo kudai ada wala cheti. Inashangaza kwamba leo elimu hiyo hiyo imezungushiwa ua mrefu wa fedha na mazoea.

Msomaji yamkini atauliza: mafunzo hayo hasa ni yapi? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mambo yasiyojulikana ndiyo hutisha. Mengi hufanyika Norway, mathalan katika kijiji cha Finse kilicho kando ya reli ya kutoka Oslo kwenda Bergen, kwenye kimo cha mita 1,222, ukingoni mwa uwanda ule ule uliokaribia kummaliza Amundsen. Shackleton naye alivipeleka vifaa vyake Finse mwaka 1914 kuvijaribu kabla ya safari yake ya Antaktika.

Mwanafunzi hufundishwa kwanza kwamba jasho ni adui. Anayetembea akitokwa na jasho atakaposimama ataganda, kwa hiyo sharti ajue kuvua vazi moja kabla ya kupata joto na kulivaa kabla ya kupata baridi. Hufundishwa kusimamisha hema katika upepo mkali, akilifunga kwanza kwenye sleji lisije likapeperuka, kwani asiye na hema huko hana maisha. Hufundishwa kuliwasha jiko na kulitengeneza likiharibika, maana maji yote ya kunywa hupatikana kwa kuyeyusha theluji. Ukikosa moto umekosa chakula na maji pia. Hujifunza kutumia dira katika weupe usio na mti, kilima wala kivuli. Hujifunza kumwopoa kwa kamba mwenzake aliyetumbukia katika ufa wa barafu. Hujifunza kupumzika kwa dakika chache kila baada ya saa moja au zaidi, kula hata kama hana hamu, na kuutazama uso wa mwenzake ili kuona kama pua au mashavu yameanza kuganda. Nyumbani, kabla ya hayo yote, hufunga matairi kwa kamba kiunoni na kuyaburuta barabarani kwa miezi mingi ili mwili uzoee kuvuta mzigo.

Hakuna hata somo moja kati ya hayo lisiloweza kueleweka na kijana wa Turkana, Kisii au Kwale. Kuburuta tairi hata huku kwetu kunawezekana, na matairi makuukuu tunayo tele.

Mbona basi wanaoyapata mafunzo haya ni wale wale? Kwa muda mrefu mlango ulifungwa waziwazi. Mwaka 1914 mabinti watatu wa Uingereza walimwandikia Shackleton wakiomba kwenda naye Antaktika. Wakajibiwa kwamba hakuna nafasi kwa wanawake. Mwezi Januari 1940, George Gibbs alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kukanyaga bara la Antaktika, na kazi aliyopewa melini ilikuwa ya jikoni na mezani, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo jeshi la majini la Marekani liliwatengea watu weusi wakati huo. Wanawake wa kwanza walifika Ncha ya Kusini mwezi Novemba 1969, nao walipelekwa kwa ndege. Miezi michache kabla yake binadamu alikuwa ameshatembea mwezini! Mkataba wa Antaktika ulipotiwa saini mwaka 1959 na mataifa 12, nchi ya Kiafrika ilikuwa moja tu, Afrika Kusini, nayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi.

Siku hizi hakuna bango linalosema fulani asiingie. Vizuizi vimebadilisha mavazi. Cha kwanza ni fedha. Safari ya skii kutoka ukingo wa Antaktika hadi Ncha ya Kusini hugharimu makumi ya maelfu ya dola, kwa sababu msafiri hurushwa kwa ndege kutoka Punta Arenas nchini Chile hadi kambi ya barafuni, na ndege lazima iwe tayari kumwokoa akipatwa na janga. Kabla ya hapo kuna ada ya mafunzo, nauli, na mavazi ambayo bei yake humtoa mwalimu jasho hata kabla hajaiona theluji.

Cha pili ni viza. Visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norway, haviitishi viza kwa raia wa nchi yoyote kutokana na mkataba wa mwaka 1920. Habari njema hiyo! Lakini ndege za kawaida za kwenda huko hupitia Norway bara, na Mkenya hawezi kupita hapo bila viza, tena iwe ya kuingia mara mbili ili aweze kurudi. Hivyo mlango wa ndani uko wazi, ila wa uani umefungwa.

Cha tatu ni kile ninachokiita mtego wa uzoefu. Ukiomba nafasi katika msafara unaulizwa, "Umewahi kusafiri barafuni?" Ukijibu hapana, hupati nafasi, na usipopata nafasi, hutawahi kusafiri barafuni. Aliyezaliwa karibu na milima ya Alps na wazazi wenye uwezo huupita mtego huu pasipo kuuona. Mwingine hunaswa hapo maisha yake yote.

Cha nne hakizungumzwi sana, nami naona ndicho kinachopaswa kuwashughulisha walimu zaidi. Mtaala wenyewe uliandikwa kwa ajili ya mwili wa aina moja. Kamba na mikanda ya kuvutia sleji ilishonwa kwa kipimo cha wanaume. Mwanamke alitakiwa ajitafutie namna ya kujistiri na kujisaidia katika upepo wa nyuzi 30 chini ya sufuri. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanajeshi wa Uingereza na wa Marekani umeonyesha kuwa wanajeshi wenye asili ya Kiafrika hudhurika kwa baridi vidoleni na miguuni zaidi ya wenzao weupe. Lakini mafundisho ya kawaida yanasema, "Tazama kama ngozi imekuwa nyeupe." Je, mwenye ngozi nyeusi atazamwe vipi? Kwake huenda dalili ikawa ukijivu hafifu au ugumu wa ngozi mfano wa nta, na dalili ya kutegemewa zaidi ni ganzi. Mwalimu mwema humfundisha auguse uso wake kila mara na kuulizia ganzi, asingoje kuona weupe.

Wapo watakaoutumia uchunguzi huo kusema, "Si tuliwaambia? Barafu si ya Waafrika." Nawajibu kwamba mantiki hiyo ni kiguru. Wazungu huungua na jua la kwetu kwa haraka kuliko sisi, na hakuna aliyewakataza kuja Malindi; walifundishwa kuvaa kofia na kupaka mafuta. Hatari inayojulikana hudai mafunzo bora, haidai mlango ufungwe. Kumkaribisha mtu katika darasa lisilomjua ni kumkaribisha nusu.

Kwa bahati njema, wako waliopenya. Barbara Hillary wa New York, muuguzi mstaafu aliyepona saratani ya mapafu, alijifunza skii akiwa amekwisha kuvuka miaka 70. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 75, alifika Ncha ya Kaskazini, na mwaka 2011, akiwa na miaka 79, akafika ya Kusini. Dwayne Fields alizaliwa Jamaika na kukulia katika mitaa ya London ambako alinusurika kisu na bunduki. Mwaka 2010 akawa Mwingereza Mweusi wa kwanza kutembea hadi Ncha ya Kaskazini ya sumaku, na mwaka 2024 akateuliwa kuwa Skauti Mkuu wa Uingereza.

Preet Chandi, mtaalamu wa tiba ya viungo katika jeshi la Uingereza na binti wa jamii ya Kipunjabi, alianza bila kujua lolote kuhusu Antaktika. Aliburuta matairi mawili, akaenda kujifunza Norway na Greenland, na mwezi Januari 2022 akafika Ncha ya Kusini peke yake baada ya siku 40 na kilomita zipatazo 1,127. Msimu uliofuata akarudi na kwenda kilomita 1,484 kwa siku 70, peke yake na bila kuletewa mahitaji njiani.

Mfano unaonigusa zaidi kwa jinsi ulivyopangwa ni wa mwaka 2009. Mwingereza Felicity Aston aliamua kuunda kundi la wanawake kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo wa Brunei, Cyprus, Ghana, India, Jamaika, New Zealand na Singapore. Hakudai wawe mabingwa, na baadhi yao walikuwa hawajawahi kuiona theluji. Aliwachagua kwanza, kisha akawafundisha Norway na kwingineko. Si wote waliochaguliwa waliomaliza safari, kwani baridi haina huruma. Lakini mwisho wa Desemba mwaka huo wanawake saba walifika Ncha ya Kusini kwa skii baada ya kwenda takriban kilomita 900. Mtego wa uzoefu ulivunjwa kwa kugeuza utaratibu: nafasi ilitangulia, uzoefu ukafuata.

Barani mwetu tunaye Sibusiso Vilane wa Afrika Kusini. Alikuwa askari wa hifadhi ya wanyama katika nchi iitwayo Eswatini leo, hadi mwanadiplomasia mmoja wa Uingereza aliyependa milima alipokiona kipaji chake na kumsaidia apate mafunzo na ufadhili. Mwaka 2003 akawa Mwafrika Mweusi wa kwanza kufika kilele cha Everest, na mwezi Januari 2008 akafika Ncha ya Kusini kwa miguu pamoja na Alex Harris. Tunafurahi kwa ajili yake. Lakini tujiulize, ni askari wangapi wa hifadhi wenye mapafu na moyo kama wake ambao hawakubahatika kukutana na mwanadiplomasia? Elimu inayotegemea bahati si elimu, ni bahati nasibu.

Sisi Wakenya tumeshakuwa na masomo yetu wenyewe katika jambo hili. Mwezi Februari 1998, Philip Boit, mwanariadha wa Eldoret, alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Alikuwa amejifunzia Finland kwa ufadhili wa kampuni ya viatu. Alimaliza wa mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie aliyakawiza makabidhiano ya medali ili amngoje Boit mwishoni mwa njia na kumkumbatia. Wengi walicheka. Mimi nilimwona mtu aliyejifunza kwa miaka miwili tu jambo ambalo wenzake walianza kulifanya kabla ya kujua kusoma, na bado akamaliza. Alirudi katika Olimpiki za 2002 na 2006.

Na yupo James Kagambi, ambaye walimu wenzangu wanapaswa kumjua kwa kuwa aliwahi kushika chaki kama wao. Aliacha kufundisha darasani, akajifunza uongozi wa safari za milimani, na kwa miongo mingi akawa mkufunzi wa kuwafundisha Wamarekani jinsi ya kuishi thelujini. Mwezi Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 62, alifika kilele cha Everest pamoja na kundi la wapandaji weusi, akawa Mkenya wa kwanza kufika huko. Mkenya akiwafundisha wageni theluji! Ikiwa hilo limewezekana, hoja ya kwamba theluji si yetu imekwisha.

Najua pingamizi zilizopo. Ya kwanza ni hatari. Mwezi Mei 2024, Mkenya mwenzetu Cheruiyot Kirui alifia Everest akijaribu kufika kileleni bila mtungi wa oksijeni, na mwongozaji wake Mnepali akafa pamoja naye. Kirui hakuwa mgeni wa milima, na msiba wake unatufunza kwamba hata mjuzi hana mkataba na mlima. Ndiyo maana nasisitiza mafunzo na si sifa. Vijana wetu watakwenda, tupende tusipende. Wajibu wetu ni kwamba wasiende wakiwa wajinga.

Pingamizi ya pili ni kali zaidi: nchi yenye njaa, karo zisizolipika na hospitali zisizo na dawa ina haja gani na barafu ya Antaktika? Jibu langu ni kwamba barafu hiyo tayari ina haja nasi. Antaktika inahifadhi takriban asilimia 90 ya barafu yote iliyo nchi kavu duniani. Kama ingeyeyuka yote, bahari ingepanda kwa karibu mita 58. Hilo si la kesho wala la mtondogoo, lakini hata sehemu ndogo yake inatosha kuleta maji katika nyumba za Lamu na Mombasa. Huku nyumbani, barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya imepungua mno hivi kwamba wazee wanaioneshea vidole mahali ilipokuwa. Wanaoipima barafu, wanaochimba sampuli zake na kuyapelekea mataifa habari zake, ni watu waliofundishwa kwanza kulala katika hema, kuwasha jiko na kuepa nyufa. Asiyepata mafunzo ya awali hawezi kuwa mwanasayansi wa uwandani. Je, tutaendelea kuletewa habari za bahari itakayotuzamisha na watu wengine, bila ya mtaalamu hata mmoja wa kwetu aliyekwenda akaona kwa macho yake?

Nini basi kifanyike? Kwanza, wanaoendesha mafunzo haya Ulaya na Marekani watenge nafasi kila mwaka kwa wale ambao hawajawahi kuonekana huko, na ufadhili uwe kamili. Kumsamehe mtu ada na kumwacha atafute nauli, viza, viatu na koti ni kumpa mtu kitanzi cha ng'ombe bila ng'ombe. Mavazi yaazimishwe, barua za viza zitolewe mapema, na sharti la uzoefu wa theluji liondolewe katika hatua ya kwanza. Kijana apimwe kwa ustahimilivu, nidhamu na moyo wa kushirikiana, mambo ambayo yanaweza kupimwa hata Kajiado.

Pili, mtaala uandikwe upya ili uujue mwili wa kila mwanafunzi, uwe wa mwanamke, wa mtu mweusi, au wa mlemavu. Mwezi Desemba 2013 wanajeshi waliojeruhiwa vitani, baadhi yao wakiwa wamekatwa viungo, walifika Ncha ya Kusini kwa sababu kuna waliokaa wakafikiri jinsi mguu wa bandia utakavyofanya kazi katika baridi. Huko ndiko kufundisha. Na katika kila darasa, jina la Mwinuiti aliyeanzisha elimu hii litajwe kabla ya jina la aliyeisambaza.

Tatu, wakufunzi watoke katika makundi hayo hayo. Mwanafunzi anayemwona mkufunzi anayefanana naye huamini kwamba jambo linawezekana kabla hata hajaambiwa.

Nne, nasi tufanye letu. Tuna mlima wenye vilele vya karibu mita 5,200 katikati ya nchi. Tuna shule ya mafunzo ya milimani ya Outward Bound huko Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, iliyoanza tangu enzi za ukoloni. Tuna mpango wa Tuzo ya Rais unaowataka vijana kusafiri porini kwa miguu wakijitegemea. Hivyo ni vidato vya chini vya ngazi ile ile. Kijana aliyejua kusoma ramani katika ukungu wa Mlima Kenya, kupika katika upepo na kumngoja mwenzake aliyechoka, amekwisha kupata nusu ya elimu ya barafu. Lakini mara nyingi safari hizi huwafikia wanafunzi wa shule zenye uwezo tu, na hivyo tunawafanyia watoto wa maskini lile lile tunalowalaumu Wazungu kwa kutufanyia. Wizara, mashirika na wazazi wenye nafasi wachangie buti na mahema ya kuazimishana, shule moja kwa nyingine. Walimu wa Jiografia nao wafundishe habari za Henson, Vilane na Kagambi wanapofika katika somo la maeneo ya ncha za dunia. Hilo halihitaji bajeti.

Kwa wanafunzi, nasema hivi. Si lazima kila mmoja wenu aende Antaktika, na wengi wenu hamtatamani kwenda, wala si dhambi. Lakini asiwepo miongoni mwenu atakayeacha kwenda kwa kuwa alidhani si mahali pa watu kama yeye. Mahali kule pamewakataa watu wa kila rangi wasiojifunza, na pamewapokea watu wa kila rangi waliojifunza. Anayetaka na aanze leo kwa tairi kuukuu, kamba na barabara ya vumbi. Na sisi tulio na funguo za darasa tuache kuuliza kama wanafaa, tuwafungulie.